Toa Hewa Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kupumua na Kujitunza kwa Mwenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Mtu akianza kutweta, walio karibu naye humwambia neno moja: "Vuta pumzi ndefu." Nia ni njema, lakini kwa mwenye njia za hewa zilizoziba, ushauri huo mara nyingi humzidishia taabu. Kifua chake si kitupu. Kimejaa hewa ya zamani iliyoshindwa kutoka, na kila anapojitahidi kuvuta, anaongeza nyingine juu yake. Kazi yake ya kwanza ni kutoa. Akishatoa vya kutosha, kuvuta kutakuja kwenyewe.

Mwongozo huu unamhusu hasa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao kwenye karatasi za hospitali huandikwa COPD. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huo uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Mwenye pumu, mwenye mirija ya hewa iliyotanuka na kujaa makohozi, na aliyebaki na makovu ya kifua kikuu atapata pia yanayomfaa, ila nitaonyesha mahali ambapo njia zinaachana. Hakuna lolote humu linalochukua nafasi ya dawa ulizoandikiwa.

Kwanza, kinachotokea kifuani

Chini ya mapafu kuna msuli mpana wenye umbo la kuba, unaoitwa kiwambo au diaframu. Ukijikaza, unashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Ukilegea, mapafu yaliyokuwa yamenyooshwa yanajikunyata yenyewe na hewa inatoka. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyetulia, hilo hutokea mara 12 hadi 20 kwa dakika, kiasi cha nusu lita kila mara, na sehemu ya kutoa haimgharimu nguvu yoyote.

Ugonjwa huu unaharibu sehemu hiyo ya kutoa. Kuta za vifuko vidogo vya hewa zinapoliwa, mapafu hupoteza mnyumbuko wake, na mirija midogo iliyokuwa ikishikiliwa wazi na kuta hizo hujibana mtu anapotoa hewa. Ongeza uvimbe na makohozi ndani ya mirija. Mwenye mapafu mazima akipuliza kwa nguvu zake zote hutoa sehemu kubwa ya hewa yake ndani ya sekunde ya kwanza. Mwenye njia zilizoziba anaweza kuendelea kupuliza zaidi ya sekunde 6 na bado hajamaliza.

Sasa fanya hesabu ndogo. Ukipumua mara 15 kwa dakika, kila pumzi ina sekunde 4, kuvuta na kutoa. Ukipanda ngazi na pumzi zikafika 30, kila moja ina sekunde 2 tu. Muda wa kutoa umekatwa nusu kwa mapafu ambayo hata muda wa kwanza haukuyatosha. Hewa inabaki, na pumzi inayofuata inaingia juu ya iliyobaki, kama basi ambalo abiria wapya wanasukumana kupanda kabla wa zamani hawajashuka. Baada ya pumzi chache, nafasi ya kuvutia hewa imekwisha. Denis O'Donnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi kwa kuwapima watu wakiwa mazoezini, na wameonyesha jinsi nafasi hiyo inavyopungua sambamba na hisia ya kukosa pumzi.

Kuna hasara ya pili. Mapafu yaliyovimba kwa hewa hukisukuma kiwambo chini mpaka kuba lake linakuwa bapa. Msuli uliokwisha kufupishwa hauna tena nguvu ya kuvuta. Kwa baadhi ya wagonjwa, kiwambo bapa kinavuta mbavu za chini ndani wakati wa kuingiza hewa, badala ya kuzitanua nje. Madaktari huiita dalili ya Hoover. Misuli ya shingo na mabega huingilia kati kusaidia. Ndiyo maana mabega ya mgonjwa hupanda na kushuka, na ndiyo maana shingo humuuma jioni.

Na kuna la tatu, ambalo halionekani kwenye picha ya kifua: hofu. Timu ya Cambridge nchini Uingereza inayohudumia watu wenye kukosa pumzi hueleza mizunguko mitatu inayolishana: pumzi zinakwenda mbio na kuchosha misuli, mawazo yanasema "nakufa" na hofu inazidisha mbio hizo, mtu anaacha kutembea, misuli inadhoofika, na kazi ndogo inadai hewa nyingi kuliko jana. Hatua zifuatazo zinagusa mizunguko yote mitatu.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa wako kwa jina

Usianze mazoezi yoyote ya kupumua kabla ya kipimo cha spirometa. Unapuliza kwenye mrija, mashine inalinganisha hewa uliyotoa sekunde ya kwanza na hewa yote uliyoweza kutoa. Ukiwa umeshavuta dawa ya kufungua mirija na bado uwiano uko chini ya 0.70, njia zako zimeziba. Kipimo hiki si kigeni: John Hutchinson alitangaza spirometa yake mjini London mwaka 1846, akiwa amepima zaidi ya watu 2,000. Inasikitisha kwamba bado wagonjwa wengi hupewa dawa za kuvuta miaka na miaka bila kupuliza mrija huo hata mara moja.

Jina la ugonjwa linabadilisha ushauri. Kwenye pumu, mirija hubana na kuachia, na dawa ya kuzuia uvimbe ndiyo nguzo. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018, likiwa na watu wazima 655 wenye pumu, liligundua kwamba mafunzo ya kupumua yaliboresha maisha yao ya kila siku, lakini hayakubadilisha vipimo vya mapafu. Maana yake iko wazi: fanya mazoezi, na dawa usiiache. Mafunzo ya video, kwa njia, yalifanya kazi sawa na ya ana kwa ana.

Kwenye mapafu yaliyokakamaa kwa makovu mambo yamegeuka. Hewa hutoka haraka. Kuingia ndiko kugumu, kwa hiyo mtu hupumua mafupimafupi na upesi, na oksijeni inaweza kushuka sana akitembea. Kubana midomo, ambako nitakueleza hapa chini, hakumsaidii sana mtu huyu. Yeye atafaidika zaidi na kupanga kazi, mazoezi yanayosimamiwa, feni na oksijeni akiandikiwa.

Na kama una kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho la usiku au unapungua uzito, kapimwe kifua kikuu kwanza. Hata kama uliwahi kutibiwa.

Hatua ya 2: Andika hali yako ya kawaida

Chukua daftari. Siku ambayo ni nzuri kwako, si siku bora wala siku mbaya, andika mambo haya.

Kiwango cha kukosa pumzi katika maisha, kwa ngazi za 0 hadi 4. Sifuri: unatweta kwa mazoezi mazito tu. Moja: ukiharakisha au ukipanda kilima kidogo. Mbili: unatembea taratibu kuliko wa rika lako kwenye tambarare, au unalazimika kusimama ukienda kwa mwendo wako mwenyewe. Tatu: unasimama baada ya mita 100 hivi au dakika chache. Nne: huwezi kutoka nyumbani, au unatweta hata kwa kuvaa nguo.

Kiwango cha sasa hivi, kwa kipimo cha Borg, kilichobuniwa na Gunnar Borg wa Uswidi. 0 ni hakuna taabu kabisa, 3 ni wastani, 5 ni kali, 10 ni ya juu kabisa. Namba hii utaitumia kila siku, kwa hiyo izoee.

Idadi ya pumzi kwa dakika ukiwa umeketi. Mwambie mwingine akuhesabie bila kukuarifu ameanza lini, maana mtu akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi zake bila kukusudia.

Oksijeni, kama una kipimo cha kidoleni. Mikono iwe na joto, rangi ya kucha iondolewe, mkono utulie mpaka namba iache kurukaruka. Kwa wenye ngozi nyeusi kuna tahadhari ya ziada: uchunguzi wa hospitali za Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa hiki kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko kwa Wazungu. Namba ikisema uko salama na mwili ukisema hapana, usikilize mwili.

Andika pia rangi na wingi wa makohozi. Bila hali ya kawaida iliyoandikwa, siku ukizidiwa hakuna atakayejua umezidiwa kwa kiasi gani.

Hatua ya 3: Tafuta mkao kabla ya kutafuta pumzi

Mkao hufanya kazi upesi kuliko mbinu yoyote. Mikao minne inatosha.

Umeketi: egemea mbele, viwiko juu ya mapaja au mikono juu ya meza yenye mto, kichwa kimelegea. Tumbo linakisukuma kiwambo juu na kukirudishia sehemu ya kuba lake. Mikono ikishatulia juu ya kitu, misuli ya mabega, iliyokuwa ikibeba mikono, inapata nafasi ya kuvuta mbavu.

Umesimama mbele ya meza, ukuta mfupi au kiti: weka mikono juu yake na uegemee. Kigari cha kutembelea kinafaa kwa sababu hiyohiyo.

Umesimama na hakuna meza: geuka, weka mgongo ukutani, miguu mbele kidogo, mabega yashuke, mikono ining'inie.

Kitandani: lala ubavu, mito ikupandishe kuanzia kiunoni mpaka kichwani ili usikunje shingo, goti la juu likunjwe. Wengi hawawezi kulala chali wakiwa bapa. Lakini ikiwa hali hiyo imeanza ghafla, au miguu imevimba, mwone daktari, maana moyo nao huleta dalili hiyo.

Usimlazimishe mtu anayehema kulala. Wasaidizi hukosea sana hapa.

Hatua ya 4: Kubana midomo

Hili ndilo zoezi ambalo ukijifunza moja tu, liwe hili. Jifunze ukiwa umetulia. Mbinu inayojaribiwa kwa mara ya kwanza katikati ya hofu haishiki.

Legeza mabega. Funga mdomo, vuta hewa puani kiasi cha kawaida tu, kama sekunde 2. Bana midomo kama unayetaka kupiga mluzi. Acha hewa itoke polepole, kwa muda mrefu kuliko uliovuta. Lenga mara mbili yake, sekunde 4 hivi. Pumzika kidogo, rudia. Dakika 3 hadi 5, mara chache kwa siku.

Upenyo mdogo wa midomo hurudisha shinikizo dogo nyuma, na shinikizo hilo linaishikilia mirija midogo isijifunge mapema. Pia linakulazimisha upunguze mwendo, na mwendo ukipungua, mapafu yanapata muda wa kupunguza hewa iliyonaswa.

Makosa ninayoyaona mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kupuliza kwa nguvu, kana kwamba kuna mshumaa wa kuzimwa. Nguvu huminya mirija na kuifunga, yaani unapata kinyume cha ulichotaka. La pili ni kuvuta pumzi kubwa kupita kiasi kabla ya kutoa. Ukihisi kizunguzungu au ganzi midomoni, unapumua kwa wingi mno. Rudi kwenye pumzi za kawaida. Usihesabu sekunde kwa ukali pia. Kama 4 zinakutesa, 3 zinatosha.

Wapo watu ambao tayari hubana midomo bila kufundishwa, na wapo ambao wakifundishwa hawasikii nafuu. Ukijaribu kwa uaminifu na hupati kitu, achana nalo bila kujilaumu.

Vipi kuhusu kupumua kwa tumbo, ambako kumejaa kwenye video za mitandaoni? Mimi simshauri mwenye mapafu yaliyovimba sana aanze nako. Utafiti wa Rik Gosselink na wenzake uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa COPD iliyokomaa, kulazimisha tumbo lipande na kushuka kulivuruga mwendo wa kifua na kupunguza ufanisi wa kupumua. Kiwambo kimeshakuwa bapa. Kukiamuru kishuke zaidi ni kukiomba kisichokuwa nacho. Mwenye pumu au mwenye ugonjwa mwepesi anaweza kunufaika, akiwa na mtaalamu wa fiziotherapia karibu.

Hatua ya 5: Funga pumzi na kazi pamoja

Kanuni ni moja: vuta kabla ya juhudi, toa wakati wa juhudi. Na usizuie pumzi kamwe, jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya akiinua kitu.

Kwenye ngazi: simama, vuta puani, panda ngazi moja au mbili ukitoa kwa midomo iliyobanwa, simama tena, vuta. Ukipumzika kabla hujachoka utafika mapema kuliko ukikimbilia juu na kukwama katikati. Kuinama kuvaa viatu: toa wakati wa kuinama, au bora uketi na ulete mguu juu ya goti. Kuinua ndoo: vuta, kisha inua ukitoa.

Kazi za mikono iliyoinuliwa, kama kuchana nywele au kuanika nguo, huchosha kwa namna ya ajabu, na wagonjwa hushangaa kwa nini anayeweza kutembea nusu saa anashindwa na chanuo. Misuli ile ya mabega inayosaidia kupumua sasa inaitwa kubeba mikono. Haiwezi yote mawili. Weka viwiko juu ya meza, fanya upande mmoja, pumzika, fanya wa pili. Oga ukiwa umeketi. Ukimaliza, jifunike taulo kubwa na usubiri maji yanyonywe badala ya kujisugua.

Kula kidogo mara nyingi: tumbo lililojaa linakibana kiwambo. Lakini usipunguze chakula chenyewe. Kupumua kwa taabu kunachoma nguvu nyingi, na mgonjwa anayekonda anapoteza misuli ileile anayoihitaji.

Feni ndogo ya mkononi ni kifaa ninachokithamini kuliko bei yake. Ielekeze usoni, sehemu ya kati, pua na mdomo wa juu, umbali wa kama sentimita 15. Hewa baridi inagusa neva za uso, na ubongo unapunguza hisia ya kukosa pumzi. Jaribio la Cambridge la mwaka 2010 lenye watu 50 lililinganisha feni iliyoelekezwa usoni na iliyoelekezwa mguuni. Ya usoni ndiyo iliyopunguza taabu. Haipandishi oksijeni, haitibu, ila inakupa dakika za kutulia. Kitambaa chenye maji ya baridi usoni kinaweza kusaidia vilevile.

Hatua ya 6: Kutoa makohozi bila kujichosha

Kama huna makohozi, ruka hatua hii. Kama unayo, kukohoa mfululizo ndiyo njia ghali kuliko zote: kunabana mirija, kunachosha, na makohozi yanabaki palepale. Tumia mzunguko huu, ikiwezekana baada ya dawa ya kufungua mirija na kabla ya kula.

Keti wima. Anza na pumzi tulivu kwa nusu dakika hadi dakika moja, mabega yamelegea. Kisha vuta pumzi 3 au 4 za kina, taratibu, ushikilie kwa sekunde 2 au 3 kama unaweza, halafu uache hewa itoke bila kuisukuma. Hewa inapita nyuma ya makohozi na kuyalegeza. (Naam, hapa tunavuta pumzi ndefu, ni chache, zina kazi maalumu, na hazifanywi wakati wa kutweta.) Rudi kwenye pumzi tulivu.

Sasa hema kwa nguvu ya wastani: fungua mdomo na koo, vuta pumzi ya kati, toa hewa kwa mkupuo mmoja mrefu kama unayetia ukungu kwenye kioo. Mkupuo wa polepole na mrefu unayasogeza makohozi ya mbali. Ukiyasikia yamepanda, vuta zaidi na toa kwa mkupuo mfupi, wa kasi. Kikohozi kimoja au viwili vinamaliza kazi. Mikupuo 1 au 2 tu, kisha pumzi tulivu tena. Rudia mzunguko kwa dakika 10 hadi 20, au mpaka mikupuo miwili ifuatane bila sauti ya makohozi.

Ukisikia mluzi kifuani unaongezeka, refusha kipindi cha pumzi tulivu. Ukiona damu, acha, tafuta huduma. Ikiwa kifua kikuu hakijaondolewa shaka, fanya hivi mahali penye hewa ya wazi, mbali na wengine.

Hatua ya 7: Dawa ifike mapafuni

Kuna aina mbili za vifaa, na vinataka pumzi za kinyume. Pampu inayopuliza yenyewe inataka pumzi ya polepole. Kifaa cha unga kinataka pumzi ya haraka na ya nguvu tangu mwanzo, maana pumzi yako ndiyo inayoutawanya unga. Anayebadilishiwa kifaa bila kuelezwa hili huendelea na mazoea ya zamani, dawa inaishia kooni, kisha inasemekana dawa haifai.

Kwa pampu: tikisa, toa hewa polepole mpaka mwisho wa kawaida, weka midomo vizuri, anza kuvuta taratibu na hapohapo bonyeza, endelea kuvuta, shikilia hadi sekunde 10 au uwezavyo, toa. Ukitumia chupa ya kuvutia dawa, yaani spesa, kazi inakuwa rahisi. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ijikaushe bila kuifuta, kwa sababu kufuta kunaleta umemetuamo unaovuta dawa kwenye kuta zake. Kwa kifaa cha unga, usipulize ndani yake: unyevu unauharibu unga. Baada ya dawa yenye steroidi, yaani ile ya kuzuia uvimbe, sukutua na uteme.

Kila unapokwenda kliniki, mwombe muuguzi akutazame ukivuta. Usieleze, vuta.

Kuhusu moshi sitasema mengi. Charles Fletcher na Richard Peto walionyesha mwaka 1977 kwamba anayeacha sigara harudishiwi mapafu yaliyopotea, ila kasi ya kupotea inashuka kuelekea ya asiyevuta. Hakuna zoezi humu lenye uwezo huo. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa nao huharibu mapafu.

Hatua ya 8: Tembea

Wengi hufanya hatua zote zilizotangulia na kuikwepa hii, ilhali ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2015, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 65 yenye watu 3,822 na kuona kwamba mpango wa mazoezi na mafunzo, unaojulikana kama ukarabati wa mapafu, unapunguza kukosa pumzi na uchovu na kuongeza uwezo wa kutembea. Wahariri waliona ushahidi umetosha, hakuna haja ya majaribio mengine ya kuulinganisha na huduma ya kawaida. Vipimo vya mapafu vyenyewe havibadiliki sana. Kinachobadilika ni misuli ya miguu: ikiwa imara, inadai hewa kidogo kwa kazi ileile, pumzi hazikimbii, na hewa hainaswi.

Mpango wa hospitali, mara 2 au 3 kwa wiki kwa wiki 6 hadi 12, ukipatikana uchukue. Usipopatikana, mwombe daktari ruhusa, hasa kama una ugonjwa wa moyo, kisha anza hivi.

Chagua njia tambarare yenye mahali pa kuketi. Tembea mpaka Borg ifike 3 au 4: unatweta lakini unaweza kusema sentensi fupi. Simama, egemea, toa hewa kwa midomo iliyobanwa mpaka urudi kwenye kiwango chako cha kupumzika. Endelea. Kama dakika 2 ndizo uwezo wako, tembea dakika 2, pumzika 2, mara tano. Wiki baada ya wiki, ongeza muda wa kutembea kwanza, mwendo baadaye. Lengo ni kufikia dakika 20 hadi 30, siku nyingi za wiki. Ukizoea, Borg ya 4 hadi 6 inaruhusiwa.

Mara 2 au 3 kwa wiki ongeza nguvu: kuketi na kusimama kutoka kitini mara 8 hadi 12, ukitoa hewa unaposimama, kuinua chupa za maji mpaka usawa wa bega.

Kutweta wakati wa zoezi si hatari kwa kwenyewe. Acha ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kupiga ovyo, au ukishindwa kurudi hali yako ndani ya dakika kama 10. Ukikosa wiki moja kwa ugonjwa, rudi nyuma hatua mbili na uanze upya bila haraka.

Hatua ya 9: Oksijeni ni dawa

Ina kipimo, ina walengwa. Majaribio mawili makubwa, la Amerika Kaskazini la mwaka 1980 na la Uingereza la 1981, yaliweka msingi: kwa mwenye upungufu mkubwa wa oksijeni hata akiwa amepumzika, kuitumia angalau saa 15 kwa siku kunarefusha maisha. Lakini kwa wenye upungufu wa wastani, jaribio la Marekani la 2016 lenye watu 738 halikuona faida hiyo. Kwa hiyo kutweta peke yake si sababu ya kununua mtungi. Mtu anaweza kutweta sana na oksijeni yake iko sawa, kwa sababu shida yake ni hewa iliyonaswa.

Usiongeze mtiririko kwa uamuzi wako. Kwa baadhi ya wenye COPD, oksijeni nyingi hupandisha hewa ukaa mwilini mpaka mtu anasinzia na kuchanganyikiwa. Wakati wa kuzidiwa, lengo la kawaida kwao ni asilimia 88 hadi 92. Jaribio lililofanyika Tasmania, Australia, na kuchapishwa mwaka 2010 lilionyesha vifo vichache kwa waliopewa oksijeni kwa kipimo hicho njiani kuelekea hospitali kuliko waliopewa kwa wingi.

Sigara, jiko na mshumaa vikae mbali kabisa. Mafuta mazito ya kujipaka usoni nayo yasitumike karibu na mrija wa oksijeni.

Hatua ya 10: Siku ya kuzidiwa

Ishara za mapema: kutweta kuliko namba uliyoandika daftarini, makohozi yameongezeka, rangi imegeuka kuwa ya njano nzito au kijani, usingizi umeharibika. Zikidumu zaidi ya siku moja, mpigie daktari na ufuate mpango mlioandika pamoja. Kama bado hamjauandika, huo ndio wa kuuomba ziara ijayo, pamoja na chanjo za mafua na nimonia.

Ikikupata ghafla: keti, egemea mbele, feni usoni. Vuta dawa ya haraka kama ulivyoelekezwa. Usijilazimishe kubana midomo mara moja. Anza kwa kutoa tu, "fuu", fupi, kisha refu kidogo, kisha refu zaidi. Msaidizi akae upande, si mbele ya uso, apumue kwa sauti polepole ili ufuate, na asiulize maswali yanayodai majibu marefu. Asiseme "tulia". Aseme "toa… toa…".

Kimbilia huduma ya dharura bila kusubiri ikiwa huwezi kumaliza sentensi, midomo au ulimi umegeuka buluu au kijivu, umechanganyikiwa au unasinzia isivyo kawaida, kifua kinauma, unakohoa damu, au dawa ya haraka haijasaidia. Mtu aliyekuwa akitoa mluzi kifuani kisha akanyamaza huku akizidi kulegea hajapona. Hewa imeacha kupita.

Kwa ajili ya siku hiyo, andaa leo karatasi moja na uiweke pamoja na dawa: jina la ugonjwa, oksijeni yako ya kawaida, lengo lako la oksijeni kama daktari alivyoandika, kama hewa ukaa imewahi kupanda mwilini mwako, dawa zote na vipimo vyake, mzio, na namba ya simu ya mtu anayekujua. Mhudumu wa dharura ataisoma ndani ya nusu dakika, wakati wewe huna pumzi ya kumweleza.